Kocha ao nyota: ni nani analeta kombe? Mufano wa Golden State, ekipe iliyomupokea Kuminga wa Goma

Katikati ya mwezi wa nne mwaka 2025, ekipe ya Golden State Warriors ilicheza mechi mbili kubwa zikifuatana: ya mwisho ya musimu wa kawaida wa NBA, kisha ile ya kutafuta tiketi ya mechi za kutoana. Jonathan Kuminga, kijana aliyezaliwa Goma mwaka 2002, alikuwa muzima na alivaa jezi. Lakini hakuingia uwanjani hata dakika moja. Kocha Steve Kerr alimuacha kwenye benchi.

Kwa wapenzi wa basketi wa Goma na wa Kivu kwa jumla, swali lilikuwa chungu: namna gani mutoto mwenye nguvu kama huyu, anayeweza kufunga pointi 30 mu mechi moja, anaachwa akikaa? Je, kocha iko na haki ya kuamua vile? Na nyuma ya lile swali kuna lingine kubwa zaidi: mu basketi ya kulipwa, ni nani kwa kweli analeta ushindi, kocha na tabia ya ekipe, ao wachezaji wenye kipaji?

Golden State ni fasi nzuri ya kutafuta jibu. Mu miaka kumi hivi, ile ekipe ilionyesha pande zote: wachezaji karibu wale wale na kocha mupya, kisha kocha yule yule bila nyota wake, kisha ekipe nzuri inayoharibika kutoka ndani.

Wachezaji karibu wale wale, matokeo mengine

Mu musimu wa 2013-14, Golden State ilikuwa na kocha Mark Jackson. Siyo kusema alifanya kazi mubaya. Alipokea ekipe iliyozoea kupoteza, akaifundisha kulinda, na chini yake ilishinda mechi 51 kati ya 82. Stephen Curry, Klay Thompson, Draymond Green, Andre Iguodala, Harrison Barnes, Andrew Bogut na David Lee, wote walikuwa tayari pale. Lakini ekipe ilitolewa mapema kabisa na Los Angeles Clippers kisha mechi saba. Tena, uhusiano kati ya kocha na wakubwa wa kilabu ulikuwa umeharibika, na hata na baadhi ya wasaidizi wake mambo hayakuwa sawa. Mwezi wa tano 2014, alifukuzwa.

Fasi yake ilichukuliwa na Steve Kerr, mutu ambaye hakuwa amefundisha ekipe yoyote mbele ya pale. Alijulikana kama muchezaji wa zamani: makombe matano ya NBA, matatu akiwa Chicago na kocha Phil Jackson, mawili San Antonio na kocha Gregg Popovich. Mu maisha yake yote alikuwa muchezaji mudogo kati ya nyota wakubwa. Njo pale alijifunza namna mutu wa benchi anavyojisikia.

Musimu wake wa kwanza, Golden State ilishinda mechi 67 na kupoteza 15 tu. Mwezi wa sita 2015 ilibeba kombe, la kwanza tangu 1975. Wachezaji kadhaa wa akiba walikuwa wapya, na Curry, Thompson na Green walikuwa wameongeza mwaka mumoja wa kukomaa. Hiyo pia inahesabika. Lakini mufupa wa ekipe ulikuwa ule ule. Kutoka ushindi 51 mpaka 67 na kombe juu yake, haitoshi kusema ni bahati.

Kitu cha kwanza: mupira unapita mikono mingapi?

Kerr alipotazama mechi za musimu uliopita, aliona hesabu moja iliyomushangaza. Kati ya ekipe zote 30 za NBA, Golden State ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa wingi wa pasi: chini ya 250 kwa mechi. Ekipe iko na Curry, mutupaji hatari kuliko wote, lakini mupira unakaa mukononi mwa mutu mumoja na wengine wane wanasimama kutazama.

Aliwapa wachezaji lengo rahisi ambalo kila mutu anaweza kulihesabu: pasi 300 kwa mechi. Walifika na kupita.

Sababu yake iko wazi kwa kila mutu aliyecheza basketi hata mu mutaa. Mulinzi anaweza kumufuata muchezaji mumoja. Lakini mupira ukipita kwa watu wane mu sekunde chache, ulinzi wote unasogea, na mwisho mutu mumoja anabaki huru. Kuna na kitu kingine kisichoonekana haraka: muchezaji anayegusa mupira upande wa kushambulia, anakimbia zaidi upande wa kulinda. Anayejua hatapewa mupira anachoka roho mbele ya miguu kuchoka.

Hapo kocha hakuongeza kipaji hata kidogo. Curry hakufundishwa kutupa na Kerr, alikuja akijua. Kocha alibadilisha tu njia ya kutumia kipaji kilichokuwa tayari mu nyumba.

Kitu cha pili: dakika 240 za kugawanya

Mechi ya NBA inadumu dakika 48, na wachezaji watano wako uwanjani kila wakati. Tano mara 48 ni 240. Hizo dakika 240 ndizo mali yote ambayo kocha iko nayo kila usiku, na kilabu inaweza kuwa na wachezaji 15 wenye mikataba ya kawaida, wote wakitaka kula mu sahani moja. Nyota watano wakichukua dakika 35 kila mumoja, 175 zimeisha. Zinabaki 65 kwa wengine wote.

Na dakika ni chakula. Muchezaji asiyeonekana uwanjani, mukataba wake unaokuja utakuwa mudogo. Ndio maana kila kocha anayemuondoa mutu uwanjani anagusa heshima yake na mufuko wake.

Mwaka 2014, Kerr alimuomba Andre Iguodala akubali kuanzia kwenye benchi, ili kijana Harrison Barnes aanze. Tangu aingie NBA mwaka 2004, Iguodala alikuwa ameanza kila mechi aliyocheza, zaidi ya 700. Haikumufurahisha, lakini alikubali. David Lee, aliyekuwa analipwa kuliko wote mu ekipe, aliumia mwanzoni mwa musimu. Draymond Green akachukua fasi yake na akacheza vizuri sana. Lee alipopona, fasi haikurudi. Naye hakufanya kelele.

Kwenye fainali ya 2015, Cleveland ya LeBron James ilikuwa mbele kwa mechi 2 kwa 1. Kerr akamuingiza Iguodala kuanza, fasi ya Bogut ambaye ni mutu murefu. Golden State ikashinda mechi tatu mufululizo, na Iguodala, aliyekubali benchi musimu muzima, akachaguliwa muchezaji bora wa fainali. Wazo la kubadilisha vile halikutoka kwa kocha mukubwa. Lilitoka kwa kijana wa miaka 28, Nick U'Ren, musaidizi aliyekuwa akitazama video usiku. Mu ekipe ingine, kijana kama huyo angeogopa kufungua kinywa.

Kerr alikuwa ameiona ile tabia San Antonio. Mu musimu wa 2013-14, ile ekipe ya Popovich ilibeba kombe bila muchezaji hata mumoja kufikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi. Manu Ginobili, jina kubwa mu dunia ya basketi, alitumia sehemu kubwa ya kazi yake akitokea kwenye benchi.

Kitu cha tatu: nyota anakubali kukaripiwa?

Watu wengi wanafikiri utamaduni wa ekipe ni maneno mazuri yanayoandikwa ukutani. Golden State pia ilikuwa na maneno yake: nguvu iko mu wingi wa watu. Kerr alichagua na mambo manne ya kuongoza ekipe, furaha ikiwa ya kwanza, na muziki ukapigwa mu mazoezi. Lakini maneno peke hayashindi mechi.

Hapa kuna jambo la kuelewa kuhusu mamlaka ya kocha mu basketi ya kulipwa. Curry amelipwa zaidi ya dola milioni 50 kwa musimu mumoja. Mukataba ambao Kerr alitia saini mwaka 2024 ulimufanya kuwa kati ya makocha waliolipwa zaidi mu historia ya NBA, lakini ilikuwa kama dola milioni 17 na nusu kwa mwaka. Yaani mukubwa wa kazi alilipwa mara tatu chini ya mutu aliyemuongoza. Na mambo yakiharibika, ni rahisi kufukuza kocha mumoja kuliko kupata Curry mwengine. Kocha hawezi kutawala kwa nguvu. Anatawala juu wachezaji wamekubali, na wa kwanza kukubali anapaswa kuwa yule mukubwa.

Mwezi wa nne 2022, Curry alikuwa anatoka kuumia muguu. Mechi za kutoana zilipoanza na Denver, Kerr hakumuanzisha. Mechi nne za kwanza, muchezaji bora wa ekipe, aliyekwisha kuchaguliwa mara mbili muchezaji bora wa NBA nzima, alianzia kwenye benchi, na kijana Jordan Poole akaanza. Curry hakulalamika. Kisha ile siku, ni muchezaji gani mu ekipe angeweza kusema benchi ni matusi?

Musimu huo Golden State ilimaliza na kombe, ikiipiga Boston mechi 4 kwa 2. Kuminga alikuwa mu ekipe ile. Alikuwa amechaguliwa namba 7 mwaka 2021, namba ile ile ya Curry mwaka 2009, na akawa bingwa akiwa na miaka 19.

Kocha yule yule, lakini wa mwisho

Sasa tugeuze kitambaa upande wa pili. Kama kocha na utamaduni vinatosha, Golden State haingepaswa kuanguka wakati Kerr iko pale. Lakini ilianguka.

Mu musimu wa 2019-20, Kevin Durant, aliyesaidia kubeba makombe ya 2017 na 2018, alikuwa ameenda Brooklyn. Klay Thompson alikuwa mugonjwa wa goti musimu muzima. Curry alivunjika mukono na akacheza mechi tano tu. Kocha alikuwa yule yule, mazoezi yale yale, muziki ule ule. Ekipe ilishinda mechi 15, ikapoteza 50, na ikawa ya mwisho mu NBA nzima.

Hakuna kocha anayeweza kupika bila unga. Phil Jackson alibeba makombe 11 akiwa kocha, lakini yote aliyabeba akiwa na wachezaji kama Michael Jordan na Scottie Pippen, ao Shaquille O'Neal, ao Kobe Bryant. Mu musimu wa 1993-94, Jordan alipopumzika, Chicago ya Jackson ilishinda mechi 55, wakati mwaka uliotangulia, Jordan akiwa ndani, ilishinda 57. Tofauti ni mbili tu. Hiyo inaonyesha kazi ya kocha na ya wale waliobaki: ekipe haikuvunjika. Lakini kombe halikurudi mpaka Jordan aliporudi.

Kwa hiyo mutu anaweza kusema hivi: kocha na tabia ya ekipe vinaamua kama kipaji kitafika fasi kinapoweza kufika. Kipaji ndicho kinaamua ile fasi iko mbali kiasi gani.

Ngumi moja, musimu muzima

Utamaduni wa ekipe hauwekwi mu sanduku ukakaa. Unaweza kupotea mu sekunde moja. Mwezi wa kumi 2022, miezi mine tu kisha kombe, Draymond Green alimupiga Jordan Poole ngumi usoni mu mazoezi. Video ilitoka inje na dunia nzima ikaona. Green alilipishwa faini na kuwekwa pembeni siku chache, lakini hakusimamishwa mechi. Kazi ikaendelea kama kawaida, ao ilionekana hivyo.

Wachezaji wakubwa walikuwa karibu wote wa mwaka wa kombe. Nyumbani, mbele ya wapenzi wao, walishinda 33 kati ya 41. Lakini ugenini, fasi ambapo ekipe inabaki peke yake na inapaswa kutegemeana, walishinda mechi 11 na kupoteza 30. Walitolewa na Los Angeles Lakers. Kisha musimu, Kerr mwenyewe alikubali waziwazi kwamba ile ngumi iliharibu uaminifu ndani ya ekipe. Poole akapelekwa Washington.

Hapa kuna somo kwa wanaosema kocha muzuri anaweza kila kitu. Kerr alikuwa na makombe manne, na bado ile nyufa ilimushinda kuziba. Na kuna walioona kwamba muchezaji mudogo angepigana vile, azabu ingekuwa kali zaidi. Sheria ikionekana kuwa na macho ya kuchagua, maneno ya ukutani yanaanza kufutika.

Na Kuminga?

Sasa inawezekana kurudi kwenye lile benchi la mwezi wa nne 2025.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa 2024, magazeti ya Marekani yaliandika kwamba Kuminga amepoteza imani kwa kocha, kisha kuachwa inje mwishoni mwa mechi aliyokuwa anacheza vizuri. Wawili walizungumza, dakika zikaongezeka, na akamaliza musimu na wastani wa pointi 16 kwa mechi. Kwa hiyo mazungumzo ya wazi yanaweza kusaidia.

Mwaka uliofuata, mambo yakabadilika. Kuminga aliumia kifundo cha muguu mwezi wa kwanza 2025 na akakosa mechi 31. Wakati iko inje, kilabu ikamuleta Jimmy Butler. Golden State ilikuwa na ushindi 25 na kupoteza 26. Kisha Butler kufika, ilishinda 23 na kupoteza 8 tu. Kuminga aliporudi mwezi wa tatu, alikuta nyumba imepangwa bila yeye.

Sababu ya kimuchezo ilikuwa hii: Butler na Green siyo watupaji wakubwa wa mbali. Kuminga pia nguvu yake iko mu kukimbia na kuingia karibu na kikapu. Ukiwaweka watatu pamoja, walinzi wanaacha kuwafuata mbali, wanajaa katikati, na Curry anakosa fasi ya kupumua. Kerr alichagua ekipe, na kijana akakaa.

Halafu Curry akaumia mu mechi ya kwanza na Minnesota. Kuminga akaitwa haraka, na mu mechi ya tatu akafunga pointi 30. Kila upande ukapata la kusema. Wapenzi wake walisema: munaona, alikuwa anaweza siku zote. Wengine walijibu: Golden State ilipoteza mechi nne mufululizo na ikatolewa.

Ukweli ni kwamba wote walikuwa na sehemu ya haki. Kocha anaweza kufanya chaguo nzuri kwa ekipe na chaguo hilo likawa baya kwa kijana mumoja. Utamaduni wa ekipe iko na bei yake, na mara nyingi wanaolipa ni wale wadogo wa mwisho wa benchi. Iguodala alikubali akiwa na miaka 30, mukataba mukubwa mukononi na jina limejengwa. Kumuomba kijana wa miaka 22, anayetafuta mukataba wake mukubwa wa kwanza, afanye vile vile ni kumuomba kitu kizito zaidi. Siyo kwamba mumoja iko na roho nzuri na mwengine mubaya.

Kwa ekipe za kwetu

Ekipe za mitaa ya Goma, Bukavu, Bunia ao Kindu hazina dola milioni. Lakini kati ya vitu vilivyobadilisha Golden State mwaka 2014, vingi havikuomba feza.

Kuhesabu pasi kunaomba kalamu, karatasi na mutoto mumoja pembeni ya uwanja. Kumuambia muchezaji mapema, uso kwa uso, kwamba leo ataanzia kwenye benchi na kwa sababu gani, kunaomba dakika tano. Kumusikiliza kijana anayebeba mipira, ambaye pengine ameona kitu ambacho kocha hakuona, hakuombi chochote ila masikio. Na kumupa azabu nyota anayechelewa mazoezini, sawasawa na wengine, kunaomba ujasiri, juu kila kocha anajua anaweza kupoteza mechi ya Siku ya Mungu bila yule nyota.

Na kwa kijana anayekaa kwenye benchi akiwaza kwamba kocha anamuchukia, swali la kwanza kumuuliza kocha siyo "juu ya nini haunichezeshe?" Ni "ekipe inakosa nini, na mimi naweza kukileta?" Akipata jibu la wazi, atajua cha kufanyia mazoezi. Asipopata jibu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, basi shida siyo kipaji chake tena. Ni ya kocha, na pengine ni wakati wa kutafuta uwanja mwengine.